Ukubwa Umekubali?

1

"Wamekataa, mayu."

Shija alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi limemjaa uso mzima hadi kwenye kope. Nyamizi hakugeuka. Alikuwa ameinamia mashine ya chapa, mkono mmoja umezama tumboni mwa mashine hiyo mpaka kwenye kiwiko, akipapasa kipande cha karatasi kilichojisokota kwenye roli.

"Nani kakataa?"

"Walinzi wa lango la Itumbiko. Wanasema pindo la chini halipo."

Nyamizi alikipata kile kipande, akakitoa, akakitazama kana kwamba kimemtukania mama yake, akakitupa kapuni. Ndipo akageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miguu yake ilivimba kila ilipofika adhuhuri, na uchovu wake haukuwa ule wa mkulima, ambao mtu analala nao na kuamka bila yeye kuuona umekwenda wapi. Huu wake alilala nao na kuamka nao, kama mume.

"Lete nione."

Shija akafungua bomba la bati alilolibeba mgongoni, akaichomoa karatasi na kuitandaza mezani. Ilikuwa karatasi ya katani, nene, yenye rangi ya uji wa mtama. Pindo lilizunguka vizuri juu, kulia na kushoto, lakini lilipofika chini lilikatika katikati ya maua, kama kanga iliyopita mikononi mwa fundi mlevi.

"Mimi sikuiangalia," Nyamizi akasema. "Ilitoka, nikakupa."

"Hata mimi sikuiangalia. Tumezoea."

Katika Bonde la Mhulya pindo halikuwa pambo. Tangu ule Mfuto, asubuhi ile ambapo hati za mashamba, vyeti vya ndoa na majina ya waliozaliwa yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye mashine vilitoweka vyote kabla watu hawajamaliza kunywa chai, wananchi waliapa kwamba hawatatii tena kitu kisichoshikika mkononi. Mashine iamue, sawa, kwani binadamu walishashindwa kugawana maji bila mapanga. Lakini amri yake iwe kwenye karatasi. Na ili mjanja asije akaichezea, mashine ililichora pindo kutokana na maneno ya amri yenyewe, ua kwa ua. Ukibadilisha herufi moja, maua hayapatani tena na maneno. Walinzi wa malango ya maji waliiweka karatasi chini ya kioo chao, kioo kikasoma pindo lote la pande nne, ndipo mtu akashika gurudumu la lango. Upande mmoja ukikosekana, ile ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Nyamizi alizisoma tena zile sentensi mbili alizokuwa amezichapa asubuhi. Lango la Itumbiko lifungwe jua litakapozama, siku ambayo karatasi hii itafika. Wakazi wahamie Mwanhola.

"Kule kukoje?" akauliza.

Shija akajitupa kwenye benchi. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na kazi ya utarishi wa malango ilikuwa imemkausha mpaka shingo imebaki mishipa. "Watu wamejaa mferejini. Sijui nani kawaambia. Wanachota tu. Ndoo, sufuria, mabeseni ya kuogeshea watoto. Bibi mmoja kanishika usukani wa pikipiki, kaniuliza, 'Mwanangu, kosa letu nini?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mashine ndiyo imesema. Si ndivyo ulivyonifundisha, mayu?"

Ndivyo alivyomfundisha. Alimfundisha mwaka ule wa Magulya, alipomwona ameshika karatasi ya kufunga lango la kwao mwenyewe na hawashi pikipiki. Alimwambia, peleka tu baba, si wewe wala si mimi, mashine ndiyo imesema. Shija akaipeleka. Mama yake alifia njiani, ndani ya lori la kuhamisha watu, funguo za nyumba zimebanwa kiganjani. Ilibidi wazike naye funguo kwa sababu vidole havikufunguka. Tangu hapo Shija alimwita Nyamizi mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, na Nyamizi hakuwahi kumuuliza sababu.

"Ni wale wa kiwanda cha karatasi," alisema, akiipima karatasi kwa shubiri. "Wamebadilisha kisu. Wanakata fupi, kwa upana wa kidole hivi. Mashine bado inadhani karatasi ni ndefu kama zamani, ndiyo maana inachora pindo la chini hewani." Akajisugua macho. "Nenda kapumzike kivulini. Nikishaiambia ukubwa mpya nitachapa nyingine."

"Itafika kabla jua halijazama?"

"Itafika."

Hakuna aliyefurahi kusikia hivyo, hata aliyesema.

2

Zamani nyumba ya chapa ilikuwa na skrini ya picha, ukigusa karatasi inakuletea karatasi. Ilikufa, ikaombewa nyingine, ombi likafa. Ikabaki skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani na kibodi iliyofutika herufi, na Nyamizi akajifunza kuzungumza na mashine kwa kuiandikia amri, mstari kwa mstari, kama mtu anayemtumia ujumbe ndugu mwenye kiburi.

Heri moja ni kwamba ilisikia Kiswahili. Baada ya Mfuto, serikali iliamua mashine zote za kugawa maji zijengwe upya na zizungumze lugha ya wenyewe. Wataalamu walifungiwa katika vyumba viwili wamalize kazi kabla ya masika. Chumba cha kwanza walikaa watu wa vifaa. Hawa walipofika kwenye vipimo vya karatasi waliandika ukubwa, na nani angewalaumu. Chumba cha pili walikaa watu wa sheria. Hawa walipofika kwenye suala la nani ana kauli ya mwisho waliona neno mamlaka limechafuliwa na waliolitumia, wakaandika ukubwa, kama wanavyosema watu majumbani, nani mkubwa hapa. Vyumba hivyo viwili havikukutana ila kwenye foleni ya chakula. Mashine ikapewa maneno yote, ikayameza.

Kila Nyamizi alipotaka kujua mashine inadhani ina karatasi gani, aliandika onyesha ukubwa wa karatasi. Ni maneno marefu kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mchana ule aliandika mawili ya kwanza, herufi ya w, iliyotii mara moja tu kwenye ukubwa, ikagoma, akaibonyeza tena, ikagoma tena, akasema potelea mbali, itanielewa. Akabonyeza kitufe cha kutuma.

UKUBWA WA BONDE
MKUU WA BONDE: AMEFARIKI
NAIBU WAKE: AMEHAMA
MHANDISI WA MALANGO: AMESTAAFU
FUNDI WA CHAPA: YUPO
UKUBWA KWA SASA: FUNDI WA CHAPA, NYAMIZI LUGENDO

Alicheka. Alicheka peke yake, kicheko cha puani, cha mtu asiye na nguvu ya kucheka cha kweli. Mkuu wa Bonde alimzika yeye mwenyewe. Yaani alichapa tangazo la mazishi. Naibu alikwenda kwenye semina akaoa hukohuko. Mhandisi alipoaga alisema mtu mwingine angeletwa, na Nyamizi akaendelea kumsubiri huyo mtu mwingine kama anavyosubiriwa fundi bomba.

"Mimi mkubwa," aliiambia skrini. "Haya. Na mshahara wa ukubwa uko wapi?"

Chini ya orodha ile, mstari mwingine ulikuwa unawaka na kuzimika.

AMRI YA ITUMBIKO INASUBIRI CHAPA MPYA. UKUBWA UMEKUBALI? NDIYO / HAPANA

Kidole chake kilishakwenda chenyewe. Kilijua njia, swali hilo alilijibu kabla ya kila chapa, miaka nenda miaka rudi. Ukubwa umekubali? Alitazama trei, akaona karatasi imekaa sawasawa, haijapinda, haijapandana, akasema moyoni imekubali, akabonyeza ndiyo. Watu wa huku husema hivyo juu ya kila kitu. Ufunguo umekubali. Kiberiti kimekataa. Nani angefikiri zaidi?

Kidole kilisimama juu ya kitufe.

Alisoma tena orodha, akarudi kwenye swali. Ukubwa kwa sasa, fundi wa chapa. Ukubwa umekubali? Akarudia mara kadhaa, na kila alipoyarudia yale maneno yalizidi kuwa mageni.

Aliandika polepole, w ikagoma, akaipiga kwa kidole gumba mpaka ikatii.

swali hili ni la ukubwa wa karatasi?

Mgawaji, ndivyo watu walivyoiita ile akili iliyokaa kule bwawani na kusema nao kupitia waya huu, ilijibu papo hapo.

HAPANA. KARATASI NI KAZI YA MASHINE YA CHAPA. MIMI NAULIZA KAMA MKUBWA AMEKUBALI AMRI.

nimekubali amri ngapi?

ZOTE.

lango la magulya?

UKUBWA ULIKUBALI.

Nje, chini ya kivuli cha tangi, Shija alikuwa anakoroma. Nyamizi alijikuta amesimama, amejishika mdomo, kana kwamba kuna kitu kingetoka ambacho asingeweza kukirudisha. Aliogopa sana. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu alipokuwa mtoto na kumvunjia bibi yake chungu cha maji.

Akaketi tena. Akaandika swali ambalo pengine ingekuwa nafuu asiliandike.

kama ningekataa magulya?

NINGEPIGA HESABU UPYA NA KULETA MGAWO MWINGINE. NDIYO MAANA NAULIZA. UKUBWA HAUJAWAHI KUKATAA.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, kwa baba na kwa mama, na tangu utotoni alitaniwa kwa methali hiyo mpaka akaizoea. Ila wahenga hawakusema Mnyamwezi atwishwe huku amesinzia.

3

Alifanya ambacho mtu yeyote aliyechoka angefanya. Alitafuta mwingine wa kumpa.

Redio ya upepo ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliiwasha, akaita Ofisi ya Mabonde mkoani, akaita tena, na baada ya mikwaruzo mingi ikaja sauti ya kijana anayetafuna kitu.

"Mkoa hapa. Sema, mama."

"Hapa Mhulya, nyumba ya chapa. Namtaka mkubwa."

"Mkubwa wa nini?"

"Wa Bonde letu. Wa kuamua mambo ya malango."

"Aa, hayo huamua Mgawaji, mama. Sisi tunapokea nakala tu."

"Najua. Sasa Mgawaji anamuuliza mtu kabla ya kuamua. Nauliza huyo mtu ni nani."

Kutafuna kukasimama. Karatasi zikapekuliwa. "Hapa kwetu imeandikwa, uamuzi wa Bonde hufanywa na Bonde lenyewe. Sisi tunamfuata Mgawaji."

"Na Mgawaji anamfuata nani?"

"Mama, hilo swali gumu. Mimi niko hapa kwa muda, namshikia mtu." Akasita. "Kuna tatizo? Niandike tatizo?"

Nyamizi alitazama mstari unaowaka kwenye skrini.

"Andika hakuna," akasema, akazima.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilikuwa rahisi mno. Angebadilisha urefu wa karatasi, angebonyeza ndiyo, pindo lingetoka kamili, Shija angeondoka, jua lingezama. Hakuna kiumbe duniani angejua swali lile linamaanisha nini isipokuwa yeye na mashine, na mashine haikuwa na tabia ya kusengenya. Itumbiko wangesema mashine ndiyo imesema. Na tuseme kweli: hesabu ya Mgawaji haikuwa ya kipuuzi. Itumbiko ilikuwa mkiani mwa mfereji. Maji yaliyoachiwa kwenda huko, nusu yalinywewa na mchanga njiani, na bwawa msimu huu lilikuwa limeshuka mpaka mawe ya chini yameota jua. Mwanhola, hapa penye nyumba ya chapa, palikuwa na hospitali. Mwanhola palikuwa na Kabula, binti yake, mwenye majaruba ya mpunga ulioanza kuchanua na mimba iliyomfanya atembee ameshika kiuno.

Aliandika, na kila herufi ilimlemea.

ukubwa ukikataa sasa itakuwaje?

MALANGO YOTE YATAFUNGWA SIKU MOJA NA KUFUNGULIWA SIKU MOJA. MPUNGA WA MWANHOLA HAUTABEBA. HOSPITALI ITAPUNGUKIWA. ITUMBIKO WATABAKI KWAO. MVUA IKIWAHI, WOTE MTAUVUKA MSIMU. MVUA IKICHELEWA, BWAWA LITAWAKAUKIA WOTE.

itachelewa?

SIJUI.

 Hakujua kama mashine inaweza kutojua. Kama ingesema ndiyo, angekuwa na pa kujifichia. Kama ingesema hapana, vilevile. Ilikuwa imemwachia mahali palepale ambapo watu wamekuwa wakisimama tangu walipoanza kupanda mbegu, wakitazama juu.

"Ukubwa jalala," alinong'ona. Alikuwa ameusikia msemo huo maisha yake yote na kudhani ni wa kuwaonea huruma wakubwa. Kila mwenye taka zake huja kuzimwaga kwako. Lakini jalala angalau kila mtu anajua lilipo. Yeye alikuwa jalala lisilojulikana, na watu wa Magulya walikuwa wamezunguka na taka zao miaka yote hii bila kuona pa kuzitua.

4

"Mayu, jua linageuka. Tayari?"

Shija alikuwa mlangoni tena, alama za mkeka zimemchora shavuni.

"Kaa."

"Nikikaa nitachelewa."

"Kaa, Shija. Kuna neno."

Alimmiminia maji kwenye kikombe cha bati, akayaweka mbele yake. Kisha akamweleza. Hakuzungukazunguka, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuzunguka. Alimwonyesha orodha, akamwonyesha swali, akamweleza jinsi alivyokuwa akitazama trei ya karatasi na kubonyeza. Shija alisikiliza akiwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Kwa hiyo mashine haikusema," alisema mwisho.

"Ilipendekeza. Ikauliza."

"Ikakuuliza wewe."

"Ikaniuliza mimi."

"Na Magulya?"

Nyamizi alijaribu kumtazama usoni, akaweza. "Nilibonyeza ndiyo. Nilidhani naulizwa karatasi."

Kikombe kilibaki mezani, hakikuguswa. Shija aliinuka akatoka nje. Nyamizi alimsikia akizunguka lile tangi, hatua zake nzito kwenye changarawe, akizunguka tena na tena, na mara moja kitu kilipigwa kwa ngumi na bati likalia. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa chini.

"Ungejua, ungekataa?"

Kusema ndiyo kulikuwa tayari ulimini. Lingekuwa jambo la huruma, na Shija pengine angelipokea, maana alimpenda. Nyamizi aliufikiria mwaka ule, kipindupindu kilivyoingia Mwanhola, wagonjwa walivyolazwa sakafuni, ndoo zilizokuwa zikihesabiwa.

"Sijui, baba. Huenda ningekubali vilevile."

Shija alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Basi ungekubali. Sawa. Kungekuwa na mtu aliyekubali." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Mama yangu kwenye lile lori alikuwa anauliza, tukamlalamikie nani? Njia nzima. Hataki maji, anauliza hivyo tu. Mimi mwanawe, tarishi wa malango, sina jina la kumpa. Namwambia mashine ndiyo imesema. Mtu mzima yule, hata wa kumlaani hakumpata. Tungejua pa kuja, mayu. Hilo tu. Tungejua pa kuja."

 Nyamizi alilia, lakini kwa namna ya watu waliochoka, machozi yakishuka yenyewe huku akivuta kiti karibu na kibodi. Hakuomba radhi. Aliona kuomba radhi wakati ule kungekuwa kumtwisha Shija kazi nyingine, ya kumsamehe.

Alianza na jambo dogo, kwa sababu hilo alilijua.

onyesha ukubwa wa karatasi

KARATASI ILIYOWEKWA: KATANI NDEFU
ZINAZOJULIKANA: KATANI NDEFU, KATANI FUPI, A4, BAHASHA

weka ukubwa wa karatasi katani fupi

IMEWEKWA.

Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka yote karatasi fupi ilikuwamo humo, inajulikana, inasubiri kuitwa. Kisha mstari wa chini ukaanza kuwaka.

UKUBWA UMEKUBALI?

Alimfikiria Kabula na majaruba yake. Aliyafikiria mabeseni ya kuogeshea watoto yaliyopangwa mferejini Itumbiko. Alitamani kwa moyo wote kwamba mtu yeyote aingie mlangoni, hata yule kijana wa mkoani na kutafuna kwake, amwambie toka hapo mama, hii si kazi yako. Mlangoni hapakuwa na mtu isipokuwa Shija.

Akabonyeza hapana.

Skrini ilikaa tupu kwa muda, kana kwamba hata yenyewe ilikuwa imesahau njia hiyo. Kisha ikaandika: UKUBWA UMEKATAA. MGAWO MPYA UKO TAYARI. AMRI ITOKE KWA NENO LA NANI?

Nyamizi aliandika jina lake lote, na la baba yake. Akasita, akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwomba: mwenye neno hili anapatikana nyumba ya chapa, Mwanhola, mchana wote.

Kisha, amri ya Itumbiko ikiwa tayari kuchapwa, Shija akauliza bila kumtazama, "Na Magulya? Utalifungua?"

"Nimeiuliza mashine. Mfereji wake umejaa mchanga. Labda baada ya mvua, kama watu watakuja kuchimba." Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakumwambia hivyo, kuna methali ambazo kuzisema mbele ya mfiwa ni utovu wa adabu.

Mashine ya chapa ilikohoa, ikavuta karatasi, ikaimeza, ikaitoa. Zilitoka mbili, moja ya malango na moja ya ubao wa Mwanhola. Pindo lilizunguka pande zote nne, juu, kulia, chini, kushoto, likajifunga lilipoanzia.

Shija aliiinua ile ya malango kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole kwenye pindo la chini, taratibu, ua kwa ua. Halafu akasoma maneno, yote, midomo ikicheza, mpaka kwenye jina na mstari ulio chini ya jina. Alikuwa amebeba karatasi nyingi kuliko mtu yeyote katika Bonde lile, na hiyo ndiyo ya kwanza aliyoisoma yote. Akaikunja, akaitia kwenye bomba la bati, akavaa kofia.

Mlangoni alisimama. Nyamizi alisubiri, na alijua neno analolisubiri, na aliona aibu kulisubiri.

"Nimepokea, mkubwa," alisema Shija, akatoka.

Pikipiki ilinguruma, ikapungua, ikapotea upande wa Itumbiko. Kikombe cha maji kilikuwa mezani bado. Nyamizi aliyanywa mwenyewe, kwa sababu siku hizo zilizokuwa zinakuja hakuna maji ya kumwaga, kisha akachukua gundi na ile karatasi ya pili, akaburuta miguu mpaka kwenye ubao ulio nje, akaibandika. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama wakaanza kusoma. Mmoja alisema kwa sauti, "Siku moja wazi, siku moja kufungwa? Na mpunga?" Mwingine akakimbia kuwaita wenzake.

Alirudi ndani akatoa viti viwili, akaviweka barazani, akaketi kwenye kimoja. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vinauma, akavivua. Barabarani watu walikuwa wanaongezeka, sauti zinapanda, na katikati yao alimwona mwanamke anayetembea polepole, mkono kiunoni, wengine wakimpisha kwa sababu ya tumbo lake. Kabula alifika ubaoni. Alisoma akiwa ameinamisha kichwa, akafika chini, akarudi juu, akafika chini tena. Tope la jarubani lilikuwa limemkaukia miguuni.

Aligeuka akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona.

"Mama," akaita, mbele ya watu wote. "Huyu Nyamizi Lugendo ni wewe?"

"Ni mimi," Nyamizi akajibu, akamsogezea kile kiti cha pili. "Njoo ukae, mwanangu. Kisha useme yote."